Kweli au uongo: michezo ya kujumlisha na kutoa darasani

Mtajie mwalimu wa Darasa la Pili michezo ya hesabu, uone. Mmoja atasema hana nafasi, mwingine hana vifaa, wa tatu atakuambia mwalimu mkuu hapendi kelele. Upande wa pili wapo waliotoka semina wakiwa na kapu la vizibo mkononi, wanaamini kila kinachowachekesha watoto kinawafundisha. Mtaala wa KKK ulipoanza Tanzania mwaka 2015, kuhesabu kuliwekwa bega kwa bega na kusoma na kuandika, na tangu hapo maneno kuhusu kujifunza kwa kucheza yamekuwa mengi kuliko michezo yenyewe. Hizi hapa kauli zinazosikika mara kwa mara kwenye ofisi za walimu na vikao vya wazazi. Nyingine ni uongo mtupu, nyingine zina chembe ya ukweli, na moja au mbili hazistahili hata aya nzima.

Kipimo changu ni kimoja, nakitaja mapema ili tusigombane mbele ya safari: katika mchezo huu, kila mtoto amelazimika kutafuta jawabu kichwani mwake mara ngapi? Makofi na vigelegele havimo kwenye hesabu.

"Mchezo ni wa kupumzisha akili baada ya somo."

Uongo. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na watoto wa chekechea wa familia za kipato cha chini. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa: miraba 10 kwa mstari mmoja, imeandikwa 1 hadi 10, na kishale cha kuzungusha kinachoangukia 1 au 2. Mtoto anazungusha, anasogeza kete yake, anataja namba anazopita. Walicheza vipindi vinne vifupi, kama robo saa kila kimoja, ndani ya wiki mbili. Watoto wale wakawa hodari zaidi wa kuhesabu, kutambua namba zilizoandikwa, kusema ipi kubwa na ipi ndogo, na kukisia namba fulani inakaa wapi kwenye mstari. Wiki tisa baadaye walikuwa bado na ujuzi huo. Wenzao waliocheza mchezo huohuo, ila miraba ina rangi badala ya namba, hawakupata faida hiyo. Utafiti wa mwaka uliofuata ukaonyesha kwamba waliopitia ubao wa namba walishika vizuri zaidi hata majumlisho waliyofundishwa baadaye.

Ukijumlisha vyote ni kama saa moja. Ukiisogeza saa hiyo iwe ya kujaza muda Ijumaa mchana, umetupa somo.

"Mchezo wowote wenye namba unafundisha hesabu."

Uongo, na huu ndio unaotuponza kuliko wote kwa sababu unavaa nguo za mwalimu mpenda mabadiliko. Siegler na Ramani walijaribu pia ubao wa duara wenye namba zilezile. Haukuwasaidia watoto kama ule ulionyooka. Kwenye mstari mtoto anaona, na mkono wake unahisi, kwamba 10 iko mbali na 1; kwenye duara ni majirani.

Kuna jambo dogo zaidi ya hilo, ambalo Elida Laski na Siegler walilionyesha mwaka 2014 kwa ubao wa namba hadi 100. Chukua nyoka na ngazi, mchezo unaouzwa kwenye kila duka la vifaa vya shule. Mtoto yuko mraba wa 24, dadu imetoa 5. Anagonga kete: moja, mbili, tatu, nne, tano. Amefika 29 lakini hajui kama amefika 29, na kichwani hakuna kilichojumlishwa. Mwenzake anasema: ishirini na tano, ishirini na sita, mpaka ishirini na tisa. Huyu wa pili ndiye anayefaidika. Mchezo ni uleule, ubao uleule, dadu ileile.

Ndiyo maana mimi hubadilisha kanuni moja tu ya nyoka na ngazi: kabla ya kugusa kete, taja mraba utakaofikia. Ukikosea, mwenzako akikusahihisha, unabaki ulipo. Watoto hulalamika siku ya kwanza. Siku ya pili wanaisimamia kanuni hiyo kuliko mwalimu.

"Anayehesabu kwa vidole amechelewa, azuiwe."

Uongo. Wapo watoto wanaoficha mikono chini ya dawati kwa sababu mwaka jana walichapwa rula vidoleni, na wanaendelea kuhesabu huko chini, kwa tabu zaidi. Catherine Thevenot wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, na wenzake walichapisha mwaka 2024 utafiti wa watoto wa chekechea nchini Ufaransa. Waliwachukua watoto wa miaka mitano na sita waliokuwa hawatumii vidole, wakawafundisha kuvitumia kujumlisha. Majibu sahihi ya watoto hao yalipanda kutoka asilimia 37 hadi 77.

Vidole ni hatua ya kupita. Mtoto wa Darasa la Kwanza anayevitumia yuko njiani. Akifika Darasa la Nne bado anakunja vidole kwa 6 na 7, hapo kuna kazi, lakini kazi yenyewe ni kumpa njia nyingine ya kufikiri. Kumnyang'anya vidole bila kumpa kitu ni kumwacha akibahatisha.

"Majumlisho ya kukariri ni mengi mno, ndiyo maana hawayashiki."

Hapa inabidi tukae kidogo, maana walimu wengi hawajawahi kuyahesabu.

Panga tarakimu 0 hadi 9 juu, na 0 hadi 9 pembeni. Unapata majumlisho 100, na kweli ukiyaandika ubaoni yote kwa mpigo, darasa linazimia. Lakini 3 na 8 ni sawa na 8 na 3. Mtoto akishaamini hilo, na huliamini haraka ukimpa vizibo mkononi akabadilisha vya kulia viende kushoto, zinabaki jozi 55. Ondoa zile za kuongeza 0, ambazo hakuna wa kukariri: 45. Ondoa za kuongeza 1, ambazo ni kutaja tu namba inayofuata: 36. Ondoa pacha, yaani 2 na 2, 3 na 3, mpaka 9 na 9, ambazo watoto huzipenda na kuzishika mapema: 28. Ondoa zinazotimiza 10, yaani 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6: zinabaki 25.

Sasa majirani wa pacha. Anayejua 6 na 6 ni 12 hana haja ya kukariri 6 na 7, anaongeza moja. Hizo ziko saba, zinabaki 18. Kisha za 9: 9 na 5 ni 10 na 4, kwa sababu 9 imechukua moja kutoka kwa 5. Kuna sita za namna hiyo ambazo hatujazitoa. Zinabaki 12.

Kumi na mbili! Nazo ni hizi: 2 pamoja na 4, 5, 6 au 7, 3 pamoja na 5, 6 au 8, 4 pamoja na 7 au 8, 5 pamoja na 7 au 8, na 6 na 8. Hata kati ya hizi, nyingine zina njia ya mkato, lakini tuseme basi, hizi 12 zikaririwe. Darasa likiyumba, angalia kama tatizo ni hizo 12 au ni pacha na makumi ambayo hayajakaa. Mara nyingi ni makumi. Mtoto asiyejua bila kufikiri kwamba 7 inamtaka 3 ili itimie 10 atateseka kwenye kila kitu kinachofuata, na hapo ndipo mchezo unapaswa kuelekezwa.

"Darasa la watoto 80 halichezeki."

Uongo, ila namwelewa anayesema. Elimu bila ada ilipoanza Tanzania Januari 2016, madarasa ya kwanza yalifurika, na kuna mikondo ambayo haijapungua hadi leo. Kinachoshindikana kwa watoto 80 ni ule mchezo ambao walimu wengi huuita mchezo wa hesabu: wawili wasimame mbele, mwalimu ataje swali, wa kwanza kujibu apigiwe makofi. Kipindi ni dakika 30. Kila zamu ikichukua sekunde 20, zitapita zamu 90, na watoto wawili kila zamu. Kwa hiyo kila mmoja amefikiria mara mbili hivi kwa kipindi kizima, muda uliobaki anatazama. Darasa limechangamka sana, na halijafanya zoezi.

Wageuze wakabiliane wawiliwawili hapohapo kwenye madawati. Kila jozi ina vizibo 10 vya soda. Mmoja anafumba macho, mwenzake anafunika baadhi kwa kiganja au kifuu cha nazi. "Fumbua." Vinaonekana 6. "Nimeficha vingapi?" Anajibu 4, kiganja kinainuliwa, wote wawili wanaona. Hakuna aliyemngoja mwalimu amwambie sawa au si sawa. Vizibo vyenyewe vimesema. Wanabadilishana zamu. Mzunguko mmoja hauzidi sekunde 15. Fanya mwenyewe hesabu ya dakika kumi, halafu uilinganishe na zile mara mbili.

Kelele zitakuwepo. Jirani atalalamika. Sikiliza kelele yenyewe: ukisikia namba, endelea, ukisikia majina ya timu za mpira, simamisha.

"Bila vifaa haiwezekani."

Uongo wa waziwazi, na hapa tunasahau vitu tulivyokua navyo. Mdako, kwa mfano. Watoto wanachimba kishimo, wanatia vijiwe, mmoja anarusha kijiwe juu na kabla hajakidaka anakomba vijiwe vitoke shimoni, kisha anavirudisha akiacha nje kimoja. Raundi nyingine anaacha viwili, kisha vitatu. Huo ni mchezo wa kutoa uliokwisha kubuniwa na watoto wenyewe. Kinachokosekana ni swali tu: shimoni vilikuwa 12, umeacha vitatu nje, vimerudi vingapi? Ajibu kabla ya kurusha tena.

Dhumna nayo. Unguja na Mombasa wazee wanaigonga barazani kila jioni, na raundi ikiisha utawaona wakijumlisha nukta zilizobaki mikononi mwa walioshindwa, kwa kasi ambayo mwanafunzi wa Darasa la Nne angeitamani. Tazama seti yenyewe: kete 28, kila moja ikiwa na namba mbili, kuanzia 0 na 0 hadi 6 na 6, na hakuna jozi inayojirudia. Yaani kila kete ni jumlisho moja. Kata maboksi ya sabuni, chora nukta kwa kalamu, seti imepatikana. Waambie watoto wapange kete kwa jumla zake: zenye 6 rundo moja, zenye 7 rundo jingine. Watagundua wenyewe kwamba rundo la 6 lina kete nne, kubwa kuliko yote, na kwamba 12 ina moja tu. Waulize kwa nini, kisha nyamaza. Baadaye geuza: mmoja afunike nusu ya kete kwa kidole gumba, ataje jumla, mwenzake aseme nusu iliyofichwa ina nukta ngapi. Hapo tumeingia kwenye kutoa bila kutangaza.

"Dadu na karata zitawafundisha kamari."

Mzazi anayesema hivi asidharauliwe. Kamari ni kuweka dau, na hapa hakuna dau, lakini sioni faida ya kushinda ubishi huo kikaoni na kumpoteza mzazi. Vipande vya karatasi vilivyoandikwa 1 hadi 6 ndani ya mfuko hufanya kazi ya dadu, na karatasi za 0 hadi 9 hufanya kazi ya karata. Ingawa dadu ina jambo lake zuri moja: pande zinazotazamana hujumlisha 7. Mtoto anaona 2 juu, anakuambia chini kuna 5 kabla hujaigeuza, na wadogo zake nyumbani wanamwona mchawi.

"Mbio ndizo zinazoleta wepesi."

Kweli nusu. Wepesi unahitajika, asikudanganye mtu. Mtoto anayekokotoa 47 na 38 huku 7 na 8 bado inamgharimu nusu dakika, akifika kwenye makumi amesahau alichukua ngapi. Kwa hiyo tunataka jibu litoke upesi. Shida ni kushindanisha watu. Gerardo Ramirez na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2013, kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, kwamba hofu ya hesabu inakwenda pamoja na kufanya vibaya hasa kwa wale wenye uwezo mkubwa wa kushika mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja. Hao ndio uliokuwa unawategemea.

Naona michezo miwili inafaa. Wa kwanza, mtoto ashindane na rekodi yake: dakika moja, amejibu mangapi; kesho kutwa aangalie kama amejipita. Karatasi ni yake, haibandikwi ukutani. Wa pili ni mchezo wa bahati. Kila mmoja wa jozi anavuta karatasi mbili, anajumlisha, mwenye jumla kubwa anachukua zote. Anayeshinda ameshinda kwa alichovuta, hakushinda kwa wepesi, hivyo aliye nyuma darasani anashinda kama wengine. Lakini wote wawili wamejumlisha, na kila mmoja amekagua jumla ya mwenzake kwa sababu hataki kudhulumiwa. Hakuna mwalimu anayesahihisha kwa ukali kama mtoto anayehofia kudhulumiwa.

"Akijua kujumlisha, kutoa kutakuja kwenyewe."

Kweli nusu, na nusu ya uongo ni kubwa. Uhusiano upo: 8, 5 na 13 ni familia moja. Lakini mtoto haoni familia hiyo mpaka aonyeshwe, na akiachwa atatoa kwa kurudi nyuma moja moja, 13, 12, 11, akipoteza hesabu katikati.

Muuza duka hafanyi hivyo. Umenunua vitu vya shilingi 1,300, umempa noti ya 2,000. Anaweka mkononi mwako sarafu ya 200, anasema "elfu moja na mia tano", anaweka ya 500, "elfu mbili", kwaheri. Ametoa kwa kupanda. Njia ileile kwa 13 kutoa 8: kutoka 8 mpaka 10 ni 2, mpaka 13 ni 3, jumla 5. Mchezo wa duka darasani ni wa zamani, kila mwalimu anaujua, lakini angalia unavyochezwa: mteja ananunua, muuzaji anapokea pesa kamili, shukrani, anayefuata. Wanaigiza soko tu. Weka sharti kwamba hakuna anayeruhusiwa kulipa pesa kamili, na muuzaji arudishe chenji kwa kutaja namba kwa sauti. Kwa wadogo bei ziwe chini ya 20, pesa ziwe za karatasi.

"Tuna bao, tuwafundishe bao."

Nalipenda bao na nitasema ukweli hata hivyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mzuri anaona kete zake zitaishia wapi kabla hajazinyanyua, raundi baada ya raundi. Hiyo ni akili ya hali ya juu. Lakini msambazaji wa kete anadondosha moja moja. Hajumlishi 7 na 5. Mtoto anaweza kulicheza mwaka mzima asiguse hata moja katika zile jozi 12. Kunamua kwenyewe, kule mwanzo ambako kila mchezaji ana kete 22 za kuingiza, kunachukua muda mrefu kumwelewesha mtoto wa miaka saba. Lifundisheni bao kwa ajili ya bao. Ubao wake mkiutaka kwa hesabu, chukueni safu moja ya mashimo manane: weka komwe kadhaa kwenye shimo moja, kadhaa kwenye la pili, zifunike, uliza jumla.

"Lazima kuwe na zawadi." Uongo. Pipi zikiisha, mchezo unaisha.

"Mchezo ukipendwa, usiubadilishe."

Uongo. Jozi ikianza kutaja vizibo vilivyofichwa kabla kiganja hakijatulia, vizibo 10 vimemaliza kazi kwao. Waongezee viwe 12, kisha 15, huku jozi ya dawati la nyuma ikibaki na 10, au hata 6, bila kutangazwa. Ukifika 18 usiendelee kuongeza: 9 na 9 ndilo jumlisho la mwisho la tarakimu moja, na kutoka hapo watoto hao wanahitaji karatasi, makumi na mamoja.